Acheni Kujiosha Ndani

Nafanya kazi ya maabara katika kituo kimoja cha afya hapa Bukavu, kwenye mitaa ya juu ya Kadutu. Kila siku mikononi mwangu hupita damu, mkojo, choo, makohozi na ute wa uke. Mama anaweza kunikabidhi kikopo cha choo huku akilalamikia bei ya makaa, wala hana wasiwasi. Lakini akiletwa kwa sababu ya ute, sauti inashuka na macho yanahamia ukutani. Na kabla sijavaa glavu, ananiwahi: “Muganga, mimi najisafisha sana. Asubuhi na jioni, mpaka ndani.”

Anasema hivyo ili nisimdhanie kuwa mchafu. Nami, kwa miaka ya kuinamia hadubini, maneno hayo nayapokea kama sehemu ya maelezo ya ugonjwa wake. Ndiyo maana naandika. Nina jambo moja la kuwaambia wanawake wa mji huu, na waume zao kama watasoma: ndani ya uke hapaoshwi. Si kwa sabuni, si kwa chumvi, si kwa limau, hata kwa maji matupu. Na wengi wanaoteswa na harufu, ile harufu inalelewa na kule kuosha kwenyewe.

Nianze na mwili, kwa sababu nimekutana na akina mama waliozaa mara tano ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaeleza. Kuna sehemu ya nje: kinena, midomo mikubwa na midogo, tundu la mkojo, mlango wa uke. Hiyo ni ngozi, inatoka jasho, inashika mkojo na damu, na inahitaji maji kama kwapa linavyohitaji. Kuna sehemu ya ndani: njia inayopanda mpaka mlango wa kizazi. Hiyo inajisafisha yenyewe. Kila siku kuta zake zinabambua seli zilizochakaa, mlango wa kizazi unatoa ute wake, na vyote vinateremka polepole na kutoka. Ule unyevu unaoukuta kwenye chupi jioni ndiyo kazi hiyo ikifanyika. Katikati ya mwezi, yai linapokaribia kutoka, ute huwa mwepesi na unavutika kama ute wa yai la kuku. Baadaye unakuwa mzito, mweupe, ukikauka unaacha alama ya manjano kidogo. Mwenye mimba anapata mwingi zaidi. Hakuna ugonjwa hapo.

Mwaka 1892 daktari Mjerumani, Albert Döderlein, alieleza bakteria wenye umbo la vijiti wanaoishi ukeni kwa wanawake wazima. Leo tunawaita laktobasili. Homoni ya estrojeni inazifanya seli za ukuta wa uke zihifadhi sukari iitwayo glikojeni. Sukari hiyo ikivunjwa, wale vijiti wanaigeuza kuwa asidi ya laktiki, asidi ileile inayogandisha maziwa yakawa mashanza. Kwa sababu hiyo, uke wenye laktobasili wengi una uchachu: kwa kipimo cha pH, ambacho namba yake ikishuka uchachu umezidi, ni kati ya 3.8 na 4.5. Katika uchachu huo bakteria wengi wa kuleta shida hawapati nafasi ya kuzaana. Msichana ambaye hajabalehe na mama aliyekwisha kukoma hedhi hawana estrojeni ya kutosha, kwa hiyo kwao uchachu hupungua, na ndiyo sababu bibi zetu wanaweza kupata muwasho na ukavu bila kosa lolote.

Sasa sabuni. Sabuni ya kipande, iwe ya kufulia au ya kuogea, mara nyingi ina pH ya 9 au 10. Ukiipeleka ndani kwa kidole, unauvunja uchachu, unawasomba vijiti pamoja na ute unaowashikilia, na unaikwaruza ngozi laini kuliko ya mdomoni. Mwili una njia ya kujirudisha: damu ya hedhi ina pH ya 7.4 hivi, shahawa nazo ziko juu ya 7, na bado baada ya hedhi au baada ya tendo uke huo unarudi kwenye uchachu wake wenyewe. Lakini anayeosha ndani asubuhi na jioni, kila siku, mwaka mzima, hampi mwili wake nafasi ya kumaliza kazi hiyo.

Nimesikia mengi yanayotumika katika mji huu. Maji ya moto yenye chumvi. Limau. Dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda hospitalini, iliyochanganywa na maji kwa kukisia. Vifuko vya mitishamba vya kuingiza usiku, vinavyouzwa kwa simu na wanawake wasiojua ndani yake mna nini. Shabu, ile mawe-mawe meupe, inayosagwa na kuwekwa ili pabane. Shabu inabana kweli, kwa sababu inakausha na kukunyata ngozi; mwanamke anaona imefanya kazi, kisha siku ya pili anawaka na anatoka damu kidogo wakati wa tendo. Permanganeti, ile dawa ya zambarau, ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Fuwele zake, au kidonge chake, kikiingizwa ukeni kinaunguza mpaka kutoboa kidonda kinachovuja damu nyingi. Anayewauzia wanawake kitu hicho kwa ajili ya “kurudi usichana” anawatendea ubaya, na sina neno laini zaidi la kumwambia.

Kuna jambo la waume hapa, lisipitwe. Upande wa Katanga na ng’ambo ya mpaka, Zambia, kumeandikwa sana juu ya wanaume wanaotaka mwanamke awe mkavu na amebana. Huku kwetu Kivu, ukivuka tu mto Ruzizi, Wanyarwanda wana kunyaza, namna ya tendo inayomfanya mwanamke atoe maji mengi, na mwanaume anajisifu kwa maji ya mkewe. Nchi moja, na jirani zake, mwanamke wa upande mmoja anakaushwa, wa upande mwingine anaulizwa mbona hana maji. Mashangazi wanampokeza bibi harusi maagizo kulingana na mahali alipozaliwa. Mimi siwalaumu mashangazi, walifundishwa vilevile. Nasema tu kwamba unyevu wa mwanamke unategemea homoni, umri, unyonyeshaji, utayari wa moyo na muda anaopewa. Anayenyonyesha ana estrojeni ndogo, atakuwa mkavu, na hakuna kosa la mtu.

Huo ukavu wa kutengenezwa una gharama kubwa kuliko muwasho. Mwaka 2011 watafiti walikusanya tafiti 13 zilizofanywa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, wanawake karibu 15,000 kwa jumla, wakaangalia nani aliambukizwa VVU. Walioingiza kitambaa au karatasi, walioweka vitu vya kukausha au kubana, na walioosha ndani kwa sabuni, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa. Ngozi iliyochubuka ni mlango wazi, na laktobasili wakipungua, ulinzi unapungua nao.

Niwapeleke sasa kwenye kioo. Ute ukichukuliwa kwa pamba, naupaka kwenye kipande cha kioo, naweka tone la maji ya chumvi, nafunika, natazama. Kwa mwanamke ambaye uke wake una amani naona seli kubwa, pana, zenye kingo safi, na kati yake vijiti vimelala. Kwa mwenye vajinosisi ya bakteria, yaani hali ya bakteria wengine kuchukua nafasi ya laktobasili, vijiti wamekwenda. Seli zimefunikwa na vidoa vidogo mno, maelfu, mpaka kingo hazionekani tena, kama maandazi yaliyomwagiwa ufuta. Nagusisha karatasi ya pH: imepita 4.5. Nadondosha tone la potasi, dawa ya maabara isiyo na uchachu, kwenye kioo kingine, na harufu inapanda palepale.

Harufu ya samaki. Wanawake wenyewe huisema hivyo, kwa kunong’ona: “Inanuka sambaza, hasa baada ya baba watoto.” Wana haki kabisa. Bakteria wanaochukua nafasi ya laktobasili hutengeneza kemikali ziitwazo amini, mojawapo ikiwa trimethilamini, na hiyo ndiyo inayompa samaki aliyekaa harufu yake. Shahawa zikiingia, kwa kuwa hazina uchachu, zinafanya kazi ileile inayofanywa na tone langu la potasi: zinaifungua harufu. Ndiyo maana inasikika baada ya tendo. Sabuni nayo haina uchachu. Yule anayesikia harufu, anaamka usiku kwenda kujiosha kwa sabuni, anaifungua zaidi, na kesho yake anaongeza sabuni. Nimeona mama ambaye mzunguko huo umemkaa miaka, ameanza kukataa kukaa karibu na watu kanisani. Alikuwa safi kuliko sisi sote pale kituoni. Alihitaji dawa ya siku chache na mtu wa kumwambia aache.

Kwa wenzangu wa maabara: masharti manne tunayotumia mpaka leo, yaani ute mwepesi wa kijivu, pH iliyopita 4.5, harufu kwa potasi na zile seli zilizofunikwa, yalipangwa na Amsel na wenzake mwaka 1983, na yakitimia matatu yanatosha. Lakini tusiwe na haraka ya kumwandikia ugonjwa kila mwenye vijiti vichache. Mwaka 2011 utafiti wa Marekani uliangalia wanawake karibu 400 wasio na dalili yoyote. Kati ya wale weusi, karibu 4 kwa 10 hawakuwa na laktobasili wengi, na walikuwa wazima. Mwanamke asiye na muwasho, asiye na harufu, asiye na maumivu, kioo chake peke yake hakimfanyi mgonjwa.

Si kila kinachotoka ni vajinosisi, na hapa ndipo pesa nyingi za wanawake zinapotea. Kuna fangasi, kandida: muwasho mkali, uwekundu, ute mweupe wa mabonge kama maziwa yaliyokatika, na harufu haipo au ni ndogo. Karibu wanawake 3 kati ya 4 huupata angalau mara moja maishani. Hupenda kuja wakati wa mimba, baada ya kumeza antibiotiki, au kwa mwenye kisukari ambacho hakijajulikana. Fangasi ikirudi na kurudi, pimeni sukari na VVU. Chini ya hadubini inaonekana kama nyuzi zenye matawi na mayai madogo pembeni.

Kisha kuna trikomonasi, ambaye ni kimelea na ni wa zinaa kabisa. Ute wa manjano au kijani, wenye povu wakati mwingine, maumivu ya kukojoa. Huyu ni wa kuonwa akiwa hai: ana mikia midogo, anarukaruka na kujizungusha kwenye kioo. Akipoa anaacha kucheza, na asiyecheza anafanana na chembe nyeupe ya damu. Mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Asubuhi za Juni kioo kinapoa haraka. Kwa hiyo pamba ikiletwa kutoka chumba cha mbali na kukaa mezani nusu saa wakati mimi nahesabu malaria, trikomonasi anaweza kuwapo nami nisimuone. Mama, ukiona tunakimbia na pamba yako, tuache tukimbie.

Magonjwa matatu, na dawa si moja kwa yote. Vajinosisi hutibiwa kwa metronidazoli, kwa kawaida miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa siku 7. Trikomonasi pia kwa metronidazoli, na lazima mume atibiwe hata kama hasikii kitu. Fangasi inataka klotrimazoli ya kuingiza, au flukonazoli kidonge kimoja cha miligramu 150, ambacho mwenye mimba hapewi. Nayaandika ili mtambue mnachopewa. Wa kuandika dawa ni muganga aliyewaona. Maana kinachotokea mtaani ni hiki: mwanamke anaingia duka la dawa, watu wamejaa, anasema kwa sauti ya chini “nina infeksio,” na anapewa vidonge vya aina mbili au tatu kwenye karatasi. Antibiotiki haiigusi fangasi. Inawaua laktobasili waliobaki, na fangasi inapata uwanja. Wiki mbili baadaye yuko dirishani kwangu, anawashwa mpaka anashindwa kutembea, na anaapa kwamba dawa ni bandia.

Siwezi kuwatupia lawama wote wanaotibu bila kupima. Vituo vingi vya vijijini havina hadubini wala umeme wa kuiwashia, na Shirika la Afya Duniani liliweka utaratibu wa kutibu kwa dalili ili mtu asirudishwe nyumbani mikono mitupu. Ni utaratibu uliookoa wengi. Lakini kwa ute wa uke una udhaifu unaojulikana: kutokwa na ute kunatuambia kidogo sana kama mwanamke ana kisonono au klamidia. Kwa hiyo mahali penye hadubini, na mjini tunazo, itumike.

Udhaifu huo una upande mwingine ambao hauandikwi kwenye miongozo. Mwanamke anaandikiwa kwenye karatasi kwamba ana ugonjwa wa zinaa, anaenda nayo nyumbani, mume anaisoma. Nimeona kwa macho yangu mama aliyerudi na mizigo yake kichwani, akitaka tumwandikie karatasi nyingine. Tulipopima ilikuwa fangasi, na alikuwa na mimba. Fangasi si ushahidi wa uzinzi. Vajinosisi haiko kwenye kundi moja na kaswende na kisonono. Muganga anayeandika neno la zinaa kwa kukisia anapaswa kujua kwamba karatasi ile itasomewa sebuleni, mbele ya mashemeji.

Lakini mume naye yumo, na juu ya hili kuna habari mpya. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba kwenye vajinosisi mwanamke anatibiwa peke yake, maana majaribio ya zamani ya kumpa mume vidonge hayakuleta tofauti. Wanawake wengi walipona, na baada ya miezi michache ugonjwa ukarudi, na wakarudi kulaumu usafi wao. Mwaka 2025 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya jaribio kwa wenzi 164. Katika kundi moja, mwanaume alimeza metronidazoli na kupaka krimu ya klindamisini kwenye uume, siku 7, wakati mke naye anatibiwa. Ndani ya wiki 12 ugonjwa ulirudi kwa wanawake 35 kati ya 100. Katika kundi ambalo mke alitibiwa peke yake, ulirudi kwa 63 kati ya 100. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Bakteria hao wanakaa pia chini ya govi na kwenye njia ya mkojo ya mwanaume, bila kumsumbua. Kuwa nao hakumaanishi ametoka nje ya ndoa. Ila kunamaanisha kwamba mwanaume anayemwambia mkewe “nenda kajioshe vizuri” anaweza kuwa ndiye anayemrudishia. Kwa mwanamke ambaye tatizo linarudi kila baada ya muda, hili ni la kuzungumza na daktari, wawili pamoja.

Sasa usafi wenyewe, ule wa kweli. Bukavu ina ziwa miguuni na mvua kuanzia Septemba mpaka Mei, na bado mabomba yanakauka. Mwanamke wa Kadutu, wa Panzi, wa Bagira anapandisha bidoni la maji mlimani, au anamlipa anayempandishia. Nimewahi kusikia waelimishaji wakihubiri maji mengi mbele ya wanawake wa namna hiyo, nikaumia. Nawaambia mimi: usafi sahihi unataka maji machache. Jagi moja mara moja kwa siku, mara mbili wakati wa hedhi au joto, yanatosha. Mkono safi, sehemu ya nje tu, katikati ya mikunjo ya midomo, kisha nyuma, kutoka mbele kwenda nyuma ili kinyesi kisifike mbele. Sabuni kama unaipenda iwe kidogo, isiyo na manukato makali, ibaki nje, isuuzwe. Kausha kwa kitambaa chako, si cha nyumba nzima. Chupi ya pamba, ibadilishwe kila siku. Marashi, poda na karatasi zenye harufu hazina kazi pale. Na yale mashanza niliyoyataja, yanywewe. Bakteria wa maziwa si wale wa ukeni, hakuna sababu ya kuyaingiza.

Hedhi inanichukua muda zaidi, kwa kuwa hapa kuna dhiki ya kweli. Pedi za dukani si kila binti anazimudu, wengi wanatumia vipande vya kikwembe cha zamani. Kikwembe si kibaya. Kibaya ni pale kinapofuliwa usiku gizani, kikafichwa chini ya godoro kikiwa kibichi ili kaka na baba wasikione, na mwezi ujao kikavaliwa na ukungu wake. Katika mvua zetu kitambaa kilichofichwa hakikauki. Utafiti wa Odisha, India, uliochapishwa mwaka 2018, uliwakuta wanawake waliokaushia vitambaa ndani ya nyumba wakiwa na fangasi zaidi. Kwa hiyo fueni kwa sabuni na maji safi, suuzeni mpaka maji yawe meupe, tundikeni juani. Kama mnaona haya, funikeni kwa kikwembe chepesi juu yake, upepo utapita. Siku ya mvua, pasi ya makaa inamaliza unyevu. Kibadilishwe kila saa nne mpaka sita. Na shule isiyo na choo chenye mlango unaofungwa inamlazimisha binti kukaa na kitambaa kimoja kutwa nzima. Wazazi wanaokaa kwenye kamati za shule, ulizeni habari ya mlango huo kabla ya kuuliza habari ya rangi ya ukuta.

Kuna harufu ambazo hazitoki kwenye mambo haya yote, na ni hatari kuzichanganya. Mwanamke ambaye mkojo au choo kinampitia ukeni bila kuzuilika, baada ya uchungu wa siku nyingi au baada ya kubakwa, ana fistula. Hakuna maji yatakayomsafisha, kwa sababu kuna tundu. Tundu hilo linashonwa. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 hapa hapa Bukavu na daktari Denis Mukwege, ambaye alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, imejulikana dunia nzima kwa kazi hiyo. Wapo bado wanawake vijijini waliofichwa kwenye vibanda vya nyuma kwa sababu ya harufu. Ukimjua mmoja, mwambie.

Mama mwenye umri, anayetokwa na maji yenye damu na harufu nzito, au anayetoka damu baada ya tendo au baada ya hedhi kukoma, asipewe vidonge vya ute mara tatu mfululizo. Aangaliwe mlango wa kizazi. Kipimo cha siki, asidi asetiki ya asilimia 3 mpaka 5 inayopakwa na kuangaliwa kwa macho, huonyesha mabadiliko kabla hayajawa saratani, na kinawezekana hata penye vifaa vichache.

Na aliyebakwa. Najua kitu cha kwanza anachotaka ni maji. Namwelewa. Lakini kuosha ndani hakutoi mimba wala virusi, na kunachubua zaidi. Kinachomsaidia ni kufika kituoni upesi, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinafanya kazi ndani ya muda huo tu, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Za kuzuia mimba zinaweza kutolewa mpaka saa 120. Akiweza, aje na nguo alizovaa. Ikiwa alikwisha kujiosha, aje vilevile, haulizwi kwa ukali. Na ikiwa saa 72 zimepita, bado aje, kwa sababu kuna mengi ya kutibu.

Akina mama, mabinti wenu mnawaogesha ninyi. Anayefundishwa akiwa na miaka mitano kupeleka kidole chenye sabuni ndani atafanya hivyo mpaka uzeeni, na atamfundisha wake. Mwambieni nje tu. Inatosha kusema hivyo.

Ukija kupima, usijioshe ndani siku hiyo wala ya kabla yake, na ulale peke yako usiku uliotangulia. Usije ukiwa kwenye hedhi kama unaweza kungoja. Usimeze vidonge vya dukani kwanza, vinaficha kitu ninachokitafuta. Kama ulikwisha kuvimeza, niambie jina au nionyeshe karatasi. Kama una mimba, sema mapema, kwa sababu vajinosisi wakati wa mimba inahusishwa na kuzaa kabla ya wakati. Kuchukua pamba ni dakika moja, kioo kinasomwa asubuhi hiyohiyo. Omba matokeo yako kwa maandishi, yawe yametaja kilichoonekana. Na kama muganga amesema mume naye atibiwe, usimbebee dawa kwenye pochi kwa siri. Mwambie aje achukue yake.